Mshikio wa sponji umehama usiku na kuacha mwanya juu ya kiti cha rili. Nimekosea wapi?

FitoTatu

Habari za jioni wakuu.

Ninajenga fimbo yangu ya pili ya kuvulia, ufito wa kaboni wa mita 2.1. Ya kwanza niliiwekea mishikio ya koki, ile ya vizibo vya chupa, na haikunisumbua. Safari hii nimetaka sponji ya EVA, ile plastiki ya povu, kwa sababu mkono ukilowa haitelezi, na ukiigonga ukingoni mwa mtumbwi haimegeki.

Jana usiku nilipachika mshikio mrefu wa nyuma, nikafuatisha kiti cha rili, yaani pale inapofungwa rili ya kukunjia mshipi, nikamalizia na mshikio mfupi wa mbele. Nilipoweka chini kila kitu kilikuwa kimegusana, hata ukucha haupiti. Asubuhi nakuta ule wa mbele umepanda kuelekea nchani na kuacha mwanya wa milimita 3 juu ya kiti cha rili. Gundi imeshakuwa jiwe. Halafu umevimba: nje ulikuwa milimita 26 kabla sijauvalisha, leo kalipa, kile kipimio cha unene, inasoma 27.5 katikati.

Vipimo vingine: ufito mahali pale una unene wa milimita 12.5, tundu la mshikio lilikuwa milimita 8, urefu wa mshikio ni sentimita 10. Gundi ni epoksi ya dakika 5. Niliuvuta kwa mkono huku nikizungusha mpaka vidole vikauma. Pete za kupitishia mshipi kwenye ufito bado sijafunga hata moja.

Naomba mnieleze nimekosea wapi. Na mwanya huu unazibika, au niukate nianze upya?

NangaNdogo

Pole mkuu. Naweka kambi hapa, maana nina mshikio kama huo mezani wiki ya pili sasa naogopa kuugusa.

Mkereza

Tundu la 8 kwenye ufito wa 12.5? Hapo ndipo penye tatizo, mengine yote yamezaliwa hapo. Piga hesabu: 12.5 gawa kwa 8 unapata 1.56. Maana yake umelazimisha ngozi ya ndani ya tundu itanuke kwa asilimia 56. Sponji ikitanuliwa ndani lazima ijitafutie nafasi nje, ndiyo huo uvimbe unaouona. Ungelipanua tundu hadi 11 kabla ya kuvalisha, utanukaji ungekuwa asilimia 14 hivi, na nje usingeona tofauti ya kukusumbua.

Kuna watu watakwambia sponji ni mpira, ivute tu itakubali. Inakubali siku hiyo. Baada ya miezi kadhaa unaona ufa mwembamba umeanzia ukingoni unatembea kwa urefu, hasa fimbo ikikaa juani.

MajiMakuu

Mkuu Mkereza, hapo naomba kutofautiana nawe. Mimi nimevalisha mishikio mingi bila kupanua tundu hata mara moja, na fimbo zangu zinafanya kazi mpaka leo. Kule kubana ndiko kunakoshika. Ukipanua sana mshikio unapwaya na unabaki kutegemea gundi peke yake.

Mzee wa Fito

Nimesoma yote kwa makini. FitoTatu, kwanza pongezi kwa kuandika vipimo, wengi huja hapa na neno "imegoma" tu, hatujui tuanzie wapi.

Nianze na huo mwanya, maana umetokana na mambo matatu yaliyokutana usiku mmoja.

La kwanza ni umbo la ufito. Kitakoni, upande unaoshikwa, ni mnene, nchani mwembamba. Sponji iliyotanuka sana inabana pande zote, na chini yake kuna gundi mbichi inayoteleza kama mafuta. Shika kipande cha sabuni kilicholowa, kibane kwa vidole viwili uone kinavyochomoka. Mshikio wako ulifanya hivyohivyo, polepole: ulijibana mwenyewe ukapanda kule kwenye wembamba. Kadiri tundu lilivyo dogo ndivyo nguvu ya kupanda inavyokuwa kubwa.

La pili ni kuvuta. Mkono wa sweta ukiuvuta unakonda na kushika mkono wako; ukiusukuma kutoka nyuma unakunjamana na kulegea. Sponji ni vilevile. Wewe ulishika sehemu ya mbele ukavuta, ikarefuka na kuzidi kubana ufito. Ilipofika kwenye kiti cha rili ilikuwa ndefu kuliko urefu wake wa kawaida. Ulipoiachia, ikaanza kurudi. Mshikio wa sponji husukumwa kutoka nyuma. Hauvutwi.

La tatu ni gundi iliyosombwa. Mdomo wa mshikio unapoteremka unafanya kazi ya kijiko, unaikusanya gundi yote mbele yake. Ikifika kwenye kiti cha rili haina pa kwenda, inabaki imefungiwa katikati na kuusukuma mshikio urudi juu. Ukitazama ndani ya ule mwanya nadhani utaona ukuta wa gundi umezunguka ufito.

Sasa MajiMakuu. Hujakosea, ila nadhani tunazungumzia sponji mbili tofauti. Iko ile raba ya povu laini ambayo wauzaji huiita Hypalon, ingawa mara nyingi siyo Hypalon yenyewe. Ile inanyumbulika sana, na kwa kipande kifupi unaweza kuivalisha bila kupanua ikakaa miaka. EVA ngumu haina subira hiyo. Na hata mimi nataka ibane. Ninachokitaka ni ibane kwa milimita 1 mpaka 2, siyo nne na nusu.

FitoTatu

Shikamoo Mzee. Nimeangalia kwa tochi, ukuta wa gundi upo kama ulivyosema, umezunguka ufito mzima. Sasa niuzibe au nikate?

Mzee wa Fito

Marahaba mwanangu.

Mwanya wa milimita 3 unazibika. Unaweza kukata kipete cha sponji ileile, ukakipasua upande mmoja, ukakivalisha na kukigundisha. Au ukajaza kwa kufunga uzi na kupaka epoksi juu yake. Kama ungekuwa mshikio wa nyuma, na pete zote zimeshafungwa, ningekwambia fanya hivyo ukavue.

Lakini wewe pete hujafunga, na sponji ile imetanuka kupita kiasi. Kata. Leo ni kazi ya nusu saa. Ukishafunga pete, mshikio mpya wa mbele hauna njia ya kupita isipokuwa uzing'oe pete zote.

Wakati wa kukata shika wembe kwa kuulaza, kata kwa urefu, na usifike kwenye ufito. Bakiza ngozi nyembamba ya sponji chini, kisha ichambue kwa vidole na kipande cha plastiki. Nyuzi za kaboni zimelala kwa urefu wa ufito, na mkwaruzo mmoja wa wembe unaozikata ndipo fimbo itakapovunjikia siku samaki mkubwa atakapoinama nayo. Hili nakuomba ulichukulie kwa uzito kuliko yote niliyoandika.

NangaNdogo

Na gundi iliyobaki kwenye ufito inatolewaje Mzee? Msasa?

Mkereza

Nijibu hilo. Epoksi iliyokauka hulainika ikipata joto, kwa hiyo kikaushio cha nywele kwa mbali, unapasha, unakwangua kwa plastiki, unapasha tena. Usitumie moto wa jiko wala bunduki ya hewa moto ya mafundi kwa karibu, maana utomvu ulioshika nyuzi za ufito nao ni wa jamii hiyohiyo, ukiuzidishia joto unaharibu ufito wenyewe. Ukiona pameshakuwa moto mpaka mkono hauvumilii, acha papoe.

Ikibaki filamu nyembamba iache, ipitishie msasa laini tu. Gundi mpya itashika juu yake.

DadaPezi

Jamani naomba mgeukie kupanua tundu, kwa sababu hapo ndipo mimi niliharibu mishikio miwili. Nilitumia keekee na ncha ya milimita 11. Sponji ilikamata, ikazunguka na ncha, tundu likatoka limepinda na kingo zimechanika. Nyie mnapanuaje?

Mkereza

Dada, keekee ya chuma haikati sponji, inaisukuma pembeni. Sponji inakimbia ncha, ikishapita inarudi. Ndiyo maana tundu linatoka dogo kuliko ncha, tena bovu.

Chukua kipande cha ufito wa zamani uliovunjika, chenye mteremko, yaani kukonda kuelekea nchani, unaokaribiana na wa ufito unaoujenga. Kata utepe wa msasa namba 60 au 80, upana wa kidole, uuzungushe kama nyoka apandavyo mti na kuugundisha. Hiyo ndiyo tupa yako. Kwa kuwa yenyewe ina mteremko, inaacha tundu lenye mteremko, na hicho ndicho unachotaka: upande wa kitako wa tundu uwe mpana kuliko upande wa ncha, sawa na ufito.

Ipitishe kutoka upande wa kitako wa mshikio. Zungusha mshikio, siyo tupa peke yake, na kila baada ya mizunguko michache geuza mkono, vinginevyo unakula upande mmoja na tundu linahama katikati. Mkono unaoushikilia mshikio uwe mwepesi. Ukiubana kwa nguvu unaliminya tundu liwe yai wakati unalikata, ukiachia linabaki na umbo la ajabu. Mimi huuingiza mshikio ndani ya kipande cha bomba la plastiki linaloutosha, nashika bomba.

Na vaa barakoa. Vumbi la sponji ni jepesi, linaelea muda mrefu, na mtu anayekereza mishikio kila wiki bila barakoa analivuta lote.

DadaPezi

Hilo la bomba la plastiki limenifungua macho kabisa. Nilikuwa naubana mshikio kwenye jiliwa. Sasa naelewa kwa nini tundu langu lilitoka yai.

FitoTatu

Na nitajuaje imetosha? Naogopa kupanua kupita.

Mzee wa Fito

Unapima mshikio ukiwa mkavu. Uvalishe kutokea nchani uteremshe kwa mkono bila kulazimisha. Kwa mshikio mfupi wa mbele, ukisimama wenyewe sentimita 2 au 3 kabla ya mahali pake, acha kupanua. Kwa mrefu wa nyuma, sentimita 5 hivi. Kipande kilichobaki utakimaliza kwa kusukuma, na gundi itakuwa inatelezesha. Ukifika mpaka mwisho bila kukaza popote, umeshapitiliza, lakini bado siyo msiba: sponji haitakushika, ila epoksi nzito itashika.

Pima kwa kalipa sehemu mbili, pale mshikio utakapoanzia na pale utakapoishia. Mshikio wa sentimita 30 unaweza kukuta ufito milimita 15 chini na 13.5 juu. Ukipima mahali pamoja tu unapanua tundu moja la moja kwa moja, linabana chini na kupwaya juu, na maji yanaingilia kule juu.

MajiMakuu

Mzee nimekupata. Kweli ile niliyozoea ni laini, naikunja mara mbili kwa vidole. Hii EVA ngumu sijawahi kuitumia. Ila swali: kwa nini msitumie maji ya sabuni kuvalisha? Yanateleza vizuri kuliko gundi.

Mzee wa Fito

Kwa usukani wa baiskeli sawa, yanakauka mshikio unashika. Kwenye fimbo hapana. Epoksi haipatani na sabuni wala unyevu, na ukiamua kuacha gundi kabisa, maji ya chumvi yataingia chini ya sponji na kukaa humo. Kiti cha rili kitaanza kulegea bila wewe kujua sababu.

Acha nieleze gundi, maana hapa FitoTatu alijitia kwenye shida nyingine. Epoksi ya dakika 5 haifai kwa mshikio wa sponji. Inaanza kuganda ukiwa katikati ya safari, unasukuma kwa pupa, unakwama. Tafuta ile ya polepole inayokupa nusu saa au zaidi ya kufanya kazi. Nzito kama losheni ni bora kuliko nyepesi kama asali, haichuruziki. Changanya pande mbili kwa kipimo ambacho kopo limeagiza, usikisie kwa jicho. Ukishachanganya imwage kwenye sahani pana. Ikibaki rundo ndani ya kikombe inajipasha joto yenyewe na kuganda mapema.

Kwaruza ufito kwa msasa namba 320 mpaka mng'aro uondoke, basi, usichimbe. Ufute kwa spiriti, usiguse tena kwa mkono mtupu. Zungushia utepe wa karatasi juu tu ya mahali ambapo mshikio utaishia, ili ukimaliza unaubandua na gundi yote iliyomwagika inaondoka nao.

Paka gundi ndani ya tundu kwa kijiti, kila upande. Kisha kwenye ufito paka nusu ya juu tu ya eneo la mshikio, tabaka jembamba. Mdomo wa mshikio utaisomba na kuitandaza kwenye nusu ya chini. Ukipaka mpaka chini unajijengea ukuta uleule uliouona.

Mkereza

Naongezea ubao. Chukua kipande cha ubao, toboa tundu linalozidi ufito kidogo lakini dogo kuliko mshikio. Upitishe ubao nchani mpaka uketi juu ya mshikio, simamisha fimbo kitako chini juu ya kitu laini, sukuma ubao kwa mikono miwili. Nguvu inaenea sawa mdomo mzima, mshikio unashuka kama unajiendea. Tangu nipate ubao huo sijavimba vidole.

Mzee wa Fito

Ubao ni kitu kizuri sana, nimesahau kuutaja. Ukishafika, legeza ubao usubiri dakika moja. Sponji iliyosukumwa imejibana kwa urefu, itataka kujinyoosha. Iache ijinyooshe, kisha isogeze tena taratibu mpaka iguse kiti cha rili. Futa gundi iliyotoka kwa kitambaa chenye spiriti. Halafu ifunge: vipande viwili vya utepe wa nguvu, kimoja kila upande, kutoka mwisho wa mshikio wa mbele, kupita juu ya kiti cha rili, mpaka kwenye mshikio wa nyuma. Isimamishe ukutani kitako kikiwa chini. Kwa nusu saa ya kwanza ipitie kila dakika kumi, huo ndio muda inaohama. Usiifungue kabla ya saa 24.

FitoTatu

Wakuu, nimerudi.

Jumamosi niliukata. Nililaza wembe kama Mzee alivyosema, nikaacha ngozi nyembamba. Sponji ilipofunguka ilijirudisha yenyewe ikaacha pengo la karibu sentimita moja na nusu kati ya kingo mbili, nikaelewa ilikuwa imetanuliwa kiasi gani. Ndani yake gundi ilikuwa na mabaka: chini nene, juu karibu mwisho sponji kavu kabisa, haijashika kitu. Kumbe hata usingehama, maji yangeingilia pale.

Gundi niliitoa kwa kikaushio cha nywele na kadi ya zamani ya plastiki. Ilichukua muda mrefu kuliko nusu saa, lakini ufito umetoka mzima, nimeupitishia ukucha urefu wote sikuhisi mkwaruzo.

Mshikio mpya nimeupanua kwa tupa ya kipande cha ufito, ndani ya bomba. Nilisimama mara tano kupima. Mara ya nne ulikomea sentimita 4 kabla ya mahali pake, nikaongeza mizunguko michache tu, ukafika mbili na nusu. Nikaacha. Kalipa: tundu 11.2 upande wa kitako.

Gundi ya polepole, sahani, utepe, ubao. Ulishuka wote kwa misukumo mitatu. Nililegeza, ukapanda kama nusu milimita, nikausogeza, nikafunga utepe. Kwenye dakika ya ishirini niliukuta umetaka kupanda tena upande mmoja, utepe wa upande ule ulikuwa umelegea. Nikaukaza.

NangaNdogo

Na asubuhi?

FitoTatu

Nilingoja saa 24 kamili ndipo nikabandua. Nimejaribu kupitisha karatasi kati ya mshikio na kiti cha rili, haiingii popote. Nje katikati inasoma 26.5.

Kuna kidonda kidogo tu, ukingo wa ubao umeacha alama ya kubonyea juu ya mdomo wa mshikio. Kinaondoka au nikikwaruze kwa msasa?

Mkereza

Usikwaruze. Weka mvuke wa birika kwa mbali, sekunde chache, uangalie. Alama ya kubonyea kwenye EVA hujaa yenyewe ikipata joto kidogo. Ikiwa imechanika ndipo msasa namba 400, mkono mwepesi. Ila usizidishe, sponji hii ikipashwa sana inasinyaa, na ikishasinyaa haijai tena. Ndiyo sababu ya kutoifungia fimbo ndani ya gari juani.

FitoTatu

Imejaa! Sekunde kama nane hivi, nimeiona ikiinuka. Asanteni sana wote. Usiku huu naanza kufunga pete ya kwanza.

NangaNdogo

Mimi nimetafuta kipande cha ufito uliovunjika, msasa namba 80 unakauka gundi sasa hivi. Ufito wangu ni 13.8 chini na 12.9 juu, mshikio wa sentimita 18, tundu 9. Mzee, nipanue mpaka 12 chini na 11.5 juu?

Mzee wa Fito

Anza na hizo. Ukifika 11 chini, simama uuvalishe ukiwa mkavu, uniambie umekomea wapi.